Nyota ya Karatasi kwa Siku za Majilio



Mwezi wa Desemba ukiingia, maduka ya mjini hutundika mapambo ya kumetameta, na watoto wetu husimama mlangoni wakiyatazama kama kuku atazamavyo mtama ulioanikwa. Baba mwenye fedha huingia akanunua. Asiye nazo humshika mtoto mkono akavuka kwenda ng'ambo ya pili ya njia. Mimi nimeivuka njia hiyo mara nyingi, wala sioni haya kulisema. Lakini tangu miaka kadha sasa hatuvuki tena, maana mapambo ya Noeli twayafanya wenyewe kwa karatasi, mkasi na gundi ya unga. Leo nataka kuwaeleza habari za pambo moja hasa, yaani nyota ya miale 25: asili yake, na jinsi ifanywavyo, na jambo lililonipata mimi siku tulipoifanya mara ya kwanza.

Nyota hii huitwa nyota ya Herrnhut. Herrnhut ni mji mdogo wa Ujerumani, upande wa mashariki, katika nchi ya Saxony. Ulianzwa mwaka 1722 na wakimbizi waliotoka Moravia kwa ajili ya imani yao, wakapewa mahali pa kukaa katika shamba la mtu mkubwa mmoja, jina lake Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Walikuwa watu wachache na maskini. Walakini mwaka 1732 wakaanza kuwapeleka watu wao ng'ambo ya bahari, kwanza kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, na mwaka uliofuata Greenland, nchi ya barafu. Ndio hao ambao mwaka 1891 walifika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, na Kanisa la Moravian lingaliko Tanzania hata leo. Basi nyota hii si mgeni kabisa kwetu.

Sasa wasikieni watoto wa watu wale. Baba na mama walipokwenda kufanya kazi nchi za mbali, watoto hawakuweza kukaa nao siku zote. Walipofikia umri wa kusoma walirudishwa Ulaya, wakatiwa katika shule za bweni za jamaa yao. Barua zilikwenda kwa merikebu, na jibu lilikawia miezi mingi. Wako waliokaa miaka na miaka bila kuuona uso wa mama. Shule moja ya namna hiyo ilikuwa katika mji wa Niesky, karibu na Herrnhut. Na huko, mwanzoni mwa karne ya 19, nyota ya kwanza ilitengenezwa. Haikuanza kuwa pambo. Ilianza kuwa somo la jiometri: wavulana walifundishwa maumbo kwa kuyakata na kuyagundisha kwa mikono yao, hata yakawa nyota. Kisha ikawa desturi kila mwanzo wa Majilio kukaa pamoja na kuifanya. Wakubwa walipotoka shuleni waliichukua desturi hiyo majumbani mwao. Mwishoni mwa karne ile mtu mmoja, Pieter Hendrik Verbeek, akaanza kuzitengeneza nyota za kuuza, na mpaka leo hutengenezwa kwa mikono huko Herrnhut na kupelekwa nchi nyingi. Huwashwa tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio hata siku kuu ya Mamajusi, tarehe 6 Januari.

Nimewawaza sana wavulana wale wa Niesky. Yamkini wengine walikuwa wakikata karatasi huku hawajui kama baba yu hai. Na sisi pia watoto wetu wengi wako bweni. Huondoka Januari, hurudi Desemba, na aghalabu arudiye si yule aliyeondoka: sauti imebadilika, miguu imekuwa mirefu, maneno yamekuwa machache. Twampa wali, twamwuliza alama zake, basi. Mazungumzo yamekwisha.

Kwetu ilikuwa hivyo. Mwaka ule binti yetu alirudi na ripoti mbaya. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwamba ni mvivu, hanakili yaliyo ubaoni, na ayanakilipo huyakosea. Mimi, nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto wa wengine, naliona aibu kubwa, nikamkaripia mbele ya jamaa waliokuja kumwamkia. Tangu siku hiyo hakunijibu ila kwa maneno matatu: "Shikamoo, baba," "Ndiyo, baba," "Hapana, baba." Adabu haikupungua hata kidogo, nayo ilinichoma kuliko matusi.

Jumamosi iliyofuata nalikuwa nimewaahidi watoto wa majirani kwamba tutafanya nyota katika chumba cha mafundisho. Wakaja wanane, na binti yetu wa tisa. Nikachora kielelezo ubaoni kwa chaki. Kabla sijaendelea na habari yake, hapana budi niwaeleze kazi yenyewe, msije mkaachwa njiani.

Karatasi yapasa iwe ngumu kidogo. Manila ni nzuri kupita zote, lakini kalenda ya ukutani ya mwaka unaokwisha yatosha sana, nayo haina bei. (Msifanye kama mimi, niliyeikata hata karatasi ya Desemba, mama wa nyumba akakosa kujua tarehe majuma mawili.) Karatasi ya daftari nayo yafaa, illa ni nyepesi, na nyota yake hulegea mvua inaponyesha. Gundi ipikwe: unga wa ngano au wa muhogo, vijiko viwili, ukorogwe kwanza katika maji baridi usiwe na madonge, kisha utiwe motoni polepole hata uwe uji mzito wa kung'aa. Uache upoe. Usifanye mwingi, maana siku ya tatu hunuka.

Chukua bikari. Asiye nayo na afunge uzi penye kalamu, mwisho wa pili wa uzi aushike kwa msumari. Weka nukta karibu na ukingo wa karatasi, ukachore tao lililo mbali na nukta ile kwa sentimeta 12. Juu ya tao hilo pima kwa rula sentimeta 4 zilizonyoka, mara nne, moja baada ya nyingine. Alama zote uziunganishe na nukta ya kwanza. Utaona pembetatu nne nyembamba zimekaa pamoja kama pepeo lililofunguliwa. Ubavuni acha sikio jembamba la kugundishia, na chini, penye kila kitako cha sentimeta 4, acha sikio jingine. Kata, kunja penye kila mstari, gundisha ubavu kwa ubavu: umekwisha kupata mwale mmoja, wenye ncha kali juu na tundu la pembe nne chini. Miale ya namna hii ifanywe 17. Halafu fanya mingine 8 kwa njia ile ile, ila upime mara tatu tu badala ya nne, nayo itakuwa na tundu la pembe tatu. Vipimo visibadilike. Mtoto mmoja akipima sentimeta 4 na mwingine nne na nusu, nyota haitafungika, hata mkigombana mpaka usiku.

Kuiunganisha ni hivi. Kwanza chukua miale minane ya pembe nne, uiunganishe masikio kwa masikio hata iwe mkanda wa duara. Masikio hayo hukunjwa yakaelekea ndani, yasionekane. Juu ya mkanda weka miale minane mingine kwa zamu: mmoja wa pembe nne, mmoja wa pembe tatu, mmoja wa pembe nne, na kuendelea hivyo kuzunguka, kila mmoja umesimama juu ya mwenzake wa mkanda. Geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa chini. Sasa pamebaki matundu mawili ya pembe nne, moja juu, moja chini. La chini lifungwe kwa mwale wa mwisho. La juu liachwe wazi, ndipo pa kutundikia na pa kutilia taa. Ukihesabu utaona ni miale 25 kamili, na upana wa nyota nzima, ncha kwa ncha, wapata kama sentimeta 33.

Kazi hii haimkubali mtu wa peke yake. Mmoja hushika, mwingine hutia gundi, wa tatu huhesabu hata mia moja wakingoja ikauke. Na mwale ule wa mwisho una siri yake: masikio yake hayabanwi ila kwa kutia mkono ndani kupitia tundu la juu, nalo ni la sentimeta 4 tu. Mkono wangu haukuingia. Wa mke wangu haukuingia. Kitinda mimba wetu, wa miaka minne, ambaye mchana kutwa alikuwa akifukuzwa asikanyage karatasi, aliitwa kwa heshima nyingi akaingiza mkono wake, akabana. Tangu siku hiyo husema nyota ni yake.

Narudi kwa dada yake. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Kila mara aliinuka akaenda mpaka ubaoni, akatazama, akarudi. Mara ya nne nikasema kwa ukali, "Kaa kitako!" Akakaa. Wenzake walipoleta miale yao, wake ulikuwa mrefu kama mkuki. Nikaupima: sentimeta 17. Mimi naliandika 12. Nikafungua kinywa nianze maneno yale yale ya juzi, juu ya uvivu na kutosikia. Lakini mke wangu, aliyekuwa akikoroga gundi mlangoni, alikuja asiseme neno, akanakili kielelezo katika kipande cha karatasi, akampa mtoto mkononi. Kwa muda wa kuimba wimbo mmoja binti yule alikata miale miwili, mistari imenyoka, vitako ni sawasawa. Hakuna mtoto mwingine aliyekata vizuri kama yeye siku ile.

Mke wangu akanivuta kando. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu si mvivu. Haoni."

Nikamwita nje. Nikasimama penye mwembe nikamwonyesha vidole, nikamwuliza ni vingapi. Alikunja macho, akakisia, akakosea. Nikasogea hatua tano, akakosea tena. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka wa juzi, tena hakujua kuwa ni ugonjwa. "Nalidhani watu wote huona hivyo, baba, ila wao wana akili ya kusoma kwa haraka." Kitabu alikisoma vema akikileta karibu, kitu cha mbali kilikuwa ukungu mtupu. Shuleni alikuwa amepangwa safu ya nyuma kwa sababu ni mrefu.

Jioni ile nalimwomba radhi mbele ya jamaa wale wale walionisikia nikimkaripia. Si desturi ya wababa wa kwetu, nami ulimi ulikuwa mzito. Januari tukauza mbuzi mmoja, tukaenda hospitali ya wilaya, akapimwa, akapata miwani. Tulipotoka nje alisimama chini ya mti akasema, "Baba, kumbe majani huonekana moja moja." Sikuweza kumjibu.

Walimu wenzangu, mtoto ainukaye mara kwa mara kuufuata ubao, au akunjaye macho, au anakiliye kutoka daftari la jirani, mleteni mbele kwanza, mmpime kwa vidole, kabla hamjaandika neno lo lote katika ripoti yake.

Kwa nyumba ambazo nyota hii itakuwa kazi kubwa mno, iko kazi nyingine ndogo itokayo Denmark, nayo ni moyo wa karatasi uliosukwa. Hans Christian Andersen, yule mtunga hadithi mashuhuri, alikuwa hodari sana wa kukata karatasi huku akisimulia, na moyo wa namna hii ulio wa zamani kupita yote ijulikanayo ni wake, wa mwaka 1860. Huchukuliwa vipande viwili vya karatasi vya rangi mbalimbali, kila kimoja hukunjwa katikati. Ncha za wazi hukatwa mviringo kama ukucha, na upande wa mkunjo hukatwa mistari iliyonyoka ili upatikane utepe wa kusuka. Kisha tepe za kipande kimoja husukwa na za kingine, lakini kwa kuwa kila utepe umekunjwa mara mbili, mmoja hupita ndani ya mwenzake na wa pili humzunguka, kwa zamu. Ukimaliza, moyo hufunguka kama kikapu, ukaweza kutia karanga au peremende.

Nalijaribu kuwaonyesha watoto nikashindwa, tepe zikakatika. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mkekani, ametutazama muda mrefu bila kusema. Yeye hakuwahi kusoma shule, lakini tangu utoto amesuka ukili. Akauchukua ule moyo wa kielelezo, akaugeuza, akaucheka. "Huu ni ukili wa wavivu," akasema, "miyaa minne tu!" Akausuka mara moja, kisha akafanya wa tepe sita, kisha wa nane, na watoto wote wakaniacha mimi na ubao wangu wakamzunguka yeye. Mwenye bibi msusi nyumbani asiniulize mimi. Na akamwamkie bibi.

Walio wadogo kabisa wapewe mnyororo. Vikatwe vipande 24 vya karatasi, vya urefu wa kidole kirefu mara mbili, kila kimoja kigundishwe kiwe pete, pete ndani ya pete. Utundikwe ukutani tarehe mosi ya Desemba, na kila jioni baada ya sala mtoto mmoja akate pete moja. Mkesha wa Noeli hukatwa ya mwisho. Ujerumani, katika karne ya 19, wako watu waliochora mistari 24 kwa chaki mlangoni na kuwapa watoto kufuta mmoja kila siku. Nia ni ile ile. Kwetu tumezoea kuandika ndani ya kila pete jina la mtu wa kuombewa siku hiyo au wa kutembelewa: mgonjwa fulani, mjane wa jirani, shangazi tuliyekosana naye. Pete ya shangazi ilitupa shida kidogo, lakini tulikwenda.

Theluji za karatasi, zile duara za matundu matundu zinazoonekana katika picha za Ulaya, mimi sizipendi nyumbani kwangu. Mtu akaaye mahali aonapo kilele cha Kilimanjaro na azikate. Sisi wengine tukunje karatasi vivyo hivyo tukate nakshi za mikeka yetu. Mamajusi nao, watoto hupenda kuwakata watatu, nami sikatai, ingawa Mathayo hasemi walikuwa wangapi. Mwaka mmoja tulikuwa na Mamajusi kumi na mmoja, kwa kuwa hakuna mtoto aliyekubali wa kwake aachwe.

Neno la hatari. Ndani ya nyota hii usitie mshumaa, wala koroboi, wala moto wa aina yo yote. Karatasi iliyokauka huwaka kabla hujamaliza kupiga kelele, na paa za nyasi haziko mbali. Itiwe taa ndogo ya umeme isiyotoa joto, au moja ya zile taa ndogo za mionzi ya jua zinazouzwa sokoni; hata ikikosekana kabisa, nyota nyeupe ikitundikwa dirishani huonekana vizuri kwa mwanga wa chumbani. Mkasi upewe mtoto mwenye umri wa kuutumia, nao urudishwe kwa kuhesabiwa. Tarehe 6 Januari nyota ishushwe, ifutwe vumbi, ifungwe katika mfuko mkavu na kuwekwa ndani ya debe lenye kifuniko, kwa sababu mende na panya huipenda sana gundi ya unga.

Hilo la panya nalisema kwa kujua. Debe letu mwaka jana halikufunikwa vema, na miale miwili imetafunwa mpaka kitakoni. Ule mrefu wa sentimeta 17 umesalimika. Hatukuutupa siku ile. Kitako chake kilikuwa sawa na vingine, basi tuliuweka chini kabisa, ukielekea ardhini, na wageni hutuuliza kama tulikosea. Ukiuchungulia kwa ndani utaona bado tarehe za mwezi wa Machi. Binti yetu ameandika kutoka shuleni kwamba ile miwili iliyoliwa tusiifanye sisi, tumngojee, atafika tarehe tano.